Chandarua cha buluu: kupiga picha za Tanga kutoka kwenye ndege ndogo

Swali. Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tanga mjini, na pia katibu wa kikundi cha kupanda mikoko. Mwaka jana tulipata nafasi kwenye ndege ndogo, Cessna 172, nikapiga picha zaidi ya mia tatu. Karibu zote zimetoka na rangi ya buluu kama nimepiga kupitia chandarua, nyingine zina kivuli cha shati langu jeupe, nyingine hazina makali kabisa. Sasa tumepata tena saa moja ya kuruka. Kamera yangu ni ya fremu kamili, megapikseli 24, na nina lenzi ya 24-70 na ya 70-200. Nataka mikoko, miamba inayotokeza maji yakipwa, mji wetu na mashamba ya mkonge. Nifanyeje safari hii?

Jibu. Marahaba, mwalimu. Hizo ni kasoro tatu, si moja, na usipozitenganisha utaishia kununua lenzi usiyoihitaji. Kivuli cha shati kimetoka kwenye kioo cha dirisha. Buluu imetoka kwenye hewa iliyo kati yako na ardhi. Kukosa makali kumetokana na mtetemo, na kioo kilekile kikazidisha. Kamera yako haina kosa. La kwanza kuamua ni siku na saa ya kuruka, na kwa pwani yetu hesabu hiyo inaanzia kwenye mwezi.

Tuanze na jua. Ili mwanga uingie majini na kukuonyesha mwamba, jua linatakiwa liwe limepanda kiasi cha nyuzi 30 hadi 45 kutoka upeo wa macho. Likiwa chini zaidi, mwanga mwingi unateleza juu ya maji bila kuingia. Likipita nyuzi 50, mng'ao wake unaanza kurudi kwenye lenzi inayotazama chini, na bahari inakuwa kama bati jipya. Hapa Tanga, miezi ya Februari, Machi, Septemba na Oktoba, jua liko kwenye kimo hicho takriban kati ya saa mbili na robo na saa tatu na nusu asubuhi. Katikati ya mwaka, jua likiwa kaskazini, sogeza mbele kama nusu saa. Alasiri jua hupita kimo hichohicho likishuka, lakini wakati huo upepo wa bahari umeshaamka, mawingu yamejaa juu ya nchi kavu na ndege inarukaruka. Asubuhi ndiyo saa yako.

Sasa maji. Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Jambo zuri ni kwamba bamvua hapa hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, hufanya kinyume chake: karibu na saa nne hiyohiyo maji yako juu. Kwa hiyo jua lilelile la saa tatu linakupa bahari mbili tofauti kulingana na tarehe ya mwezi. Ukitaka miamba, matope na mizizi ya mikoko, ruka mwezi ukiwa mpevu au siku ya mwandamo, au siku moja kabla. Ukitaka mikoko ikiwa imesimama ndani ya maji, vijito vinang'aa katikati yake na ngalawa zinapita, ruka siku ya saba au ya nane tangu mwezi uandame, au ya ishirini na mbili. Wavuvi wa Sahare watakuambia hayo bila kutazama karatasi, ila thibitisha dakika zenyewe kwenye jedwali la maji la bandari, kwa sababu kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50.

Usihangaike ikiwa jua linakuita saa tatu na robo na maji yanafika chini kabisa saa nne. Saa ya mwisho kabla ya kupwa kabisa, maji hushuka kama sehemu moja tu ya kumi na mbili ya tofauti yote, yaani kwa bamvua ya mita 3 ni sentimita 25 hivi. Mwamba utauona uleule. Kati ya kukosa sentimita hizo na kukosa jua, afadhali ukose sentimita.

Kuhusu msimu, kipindi cha kusi kikiwa kimekolea, Juni hadi Agosti, hewa huwa safi lakini bahari inachafuka na ndege haitulii. Kaskazi ikikolea, Desemba na Januari, nako kuna mawimbi. Vipindi viwili vinavyofaa ni pale pepo zinapolegea: mwishoni mwa Februari hadi kabla masika hayajashika, na Septemba hadi Oktoba kabla vuli haijaja. Mvua kubwa ikishanyesha milimani, mto Zigi na mto Mkulumuzi huingiza matope kwenye ghuba, na hapo huna haja ya kutafuta matumbawe karibu na mji kwa siku kadhaa. Lakini manyunyu ya usiku mmoja ni neema, yanaosha hewa. Asubuhi yake ndiyo asubuhi ya kuruka.

Hilo linatupeleka kwenye chandarua chako. Hewa ya pwani ina mvuke, chembe za chumvi, na kabla ya masika inaongezewa moshi wa mashamba yanayochomwa. Chembe hizo hutawanya mwanga, hasa wa buluu, na kila mita unayoongeza kati yako na unachopiga inaongeza tabaka jingine la utaji. Hakuna kichujio kinachouondoa. Kile cha kuzuia mionzi ya urujuani hakitaonekana kufanya kazi yoyote kwa kamera ya kidijitali. Dawa ni kusogea karibu. Picha ya kilomita 4 kwa lenzi ya milimita 200 na picha ya kilomita 1 kwa lenzi ya milimita 50 zinaonyesha eneo lilelile, lakini ya kwanza imepita kwenye hewa mara nne zaidi. Ndiyo maana ushauri wangu ni kuiacha 70-200 nyumbani. Itakuvuta upige vilivyo mbali, na vilivyo mbali ndivyo vilivyokuletea buluu. Pia huwezi kubadilisha lenzi dirisha likiwa wazi. Upepo utajaza vumbi ndani ya kamera au utakupokonya kifuniko.

Dirisha liwe wazi, hapo sitaki tujadiliane sana. Kioo cha ndege ndogo si kioo, ni plastiki ya akriliki iliyokunjwa, ina mikwaruzo na haina unyoofu wa kioo cha lenzi. Ukipiga kupitia humo kwa mshazari, makali yanapotea hata kasi ya shata iwe kubwa namna gani. Kwenye Cessna 172, dirisha la upande wa rubani, kushoto, kwa kawaida hufunguka, na lina mkono mdogo wa chuma unaolizuia lisifunguke zaidi ya kiasi fulani. Fundi wa ndege akiutoa skrubu mkono huo, dirisha likifunguliwa angani huinuliwa na upepo na kubaki limelala chini ya bawa. Wewe usiguse skrubu. Hiyo ni kazi ya fundi kwa idhini ya mwenye ndege, na rubani ataangalia kwenye kitabu cha ndege mwendo unaoruhusiwa dirisha likiwa wazi.

Tatizo ni kwamba ndege nyingi za aina hiyo dirisha la kulia halifunguki, na madirisha ya nyuma hayafunguki kabisa. Basi uliza mapema, kwa simu, si siku ya safari: dirisha gani linafunguka? Likiwa ni la kushoto tu, utahitaji rubani mwenye sifa ya kurusha akiwa kiti cha kulia, kama vile mwalimu wa urubani, ili wewe ukae kushoto. Hapo usishike wala kuegemea usukani, na miguu ikae mbali na pedali. Kama kuna uwezekano wa kupata Cessna 206, ina mlango mkubwa wa mizigo upande wa kulia nyuma ambao unaweza kutolewa kabisa kwa masharti ya kitabu cha ndege, na mpiga picha akafungwa mkanda wa mwili mzima. Ni bora zaidi, ila bei yake ni nyingine. Ndege ya mabawa ya chini achana nayo. Utapiga picha za bawa.

Ikishindikana kabisa kufungua, punguza hasara. Vaa nguo nyeusi au ya rangi ya giza, mikono mirefu. Shati jeupe ndilo lililokuwa likiakisiwa mwaka jana. Funika miguu na upande wa dirisha kwa kitambaa cheusi. Lenzi iwe sentimita mbili tatu kutoka kwenye kioo, isikiguse, na itazame kioo moja kwa moja badala ya mshazari. Kioo kioshwe kwa maji mengi kwanza, ndipo kipanguswe kwa kitambaa laini. Petroli, mafuta ya taa na dawa za kusafishia vioo vya nyumba zenye amonia huitia akriliki nyufa ndogondogo zisizofutika, na mwenye ndege atakukasirikia kwa haki. Kichujio cha kupunguza mng'ao kisitumike nyuma ya kioo hicho, kitachora mistari ya rangi za upinde wa mvua. Dirisha likiwa wazi kinaweza kusaidia juu ya miamba, lakini kinakula mwanga na kila ndege inapogeuka kinahitaji kuzungushwa upya. Kwa safari ya saa moja, mimi ningekiacha.

Dirisha likishafunguka, kila kitu kiwe kimefungwa. Mkanda wa kamera shingoni na kamba ya pili kwenye kifundo cha mkono au kwenye mkanda wa kiti. Ondoa kivuli cha lenzi, yaani ile pete ya plastiki ya mbele. Upepo ukikingoa, kinakwenda moja kwa moja kwenye mkia wa ndege, na mkia ndio unaoishika pua ya ndege. Kofia, miwani isiyo na kamba, karatasi ya ramani, simu kwenye mfuko wa shati: vyote viwekwe mbali. Usitoe lenzi nje ya dirisha. Ndani tu ya fremu ya dirisha kuna utulivu, sentimita tano nje kuna upepo wa zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Kipaza sauti cha hedseti nacho kitapiga kelele ya upepo, kwa hiyo kubaliana na rubani ishara za mkono: geuka, tulia, panda, rudia, basi. Na kabla ya kuondoka, sukuma kiti chako mbele na nyuma uhakikishe pini imeingia kwenye tundu la reli. Viti vya Cessna vimewahi kuteleza nyuma wakati wa kupaa, na aliyeteleza hushika kilicho karibu, ambacho ni usukani.

Sasa kuhusu makali. Watu wengi hudhani picha inafifia kwa sababu ndege inakwenda mbio. Tupige hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa, noti 75 hivi kwenye kipimo cha rubani, ndege inakwenda mita 39 kwa sekunde. Kwa kasi ya shata ya 1/1000 imesogea sentimita 4. Kamera yako, ikiwa na lenzi ya milimita 70 na ukiwa mita 500 kutoka unachopiga, kila punje ya picha (pikseli) inabeba sentimita 4 hivi za ardhi. Kwa hiyo mwendo wa ndege peke yake umekula punje moja tu. Lakini mkono wako ukiyumba nyuzi 5 kwa sekunde, ambazo ni kidogo sana kwa mtu anayetikiswa na injini, doa unalolilenga linahama mita 43 kwa sekunde umbali huo. Mkono umeipita ndege! Ndiyo sababu 1/1000 ni mahali pa kuanzia, si mahali pa kufikia. Tumia 1/1600, na ukiwa milimita 70 usiogope 1/2000.

Pia usiegemeze kiwiko kwenye mlango wala lenzi kwenye fremu ya dirisha. Inaonekana kama unajituliza, kumbe unaunganisha kamera na injini. Viwiko vibane mbavuni, mgongo uachane kidogo na kiti, nyama za mwili zimeze mtetemo. Kitulizi cha ndani ya lenzi, kwa kasi hizo, kizime. Kimetengenezwa kwa mtetemo wa mkono wa polepole, si wa injini ya silinda nne. Fuata unachopiga kwa kamera, kama unavyomfuata mtoto anayekimbia, na bonyeza mara tatu mfululizo. Mara nyingi ya katikati ndiyo yenye makali, kwa sababu kidole kimeshamaliza kusukuma na hakijaanza kuachia.

Mipangilio mingine ni rahisi. Kwa jua la saa tatu lisilo na wingu, ISO 200, tundu f/5.6 na 1/1600 vitakuweka karibu sana na mwanga sahihi. Huna haja ya f/16, maana kila kitu kiko mbali na kina cha makali si tatizo hapa, f/5.6 hadi f/8 ndipo lenzi nyingi zinapokata vizuri. Weka mwanga kwa mkono, usiiachie kamera. Ikiona maji meusi itaongeza mwanga, ikiona fungu la mchanga itapunguza, na mikoko iliyo kati ya vitu hivyo viwili itatoka kila picha na rangi yake. Piga jaribio juu ya mji, tazama chati ya mwanga, hakikisha mchanga mweupe haujaungua, kisha usiguse tena mpaka wingu lije. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Mizani ya weupe iwe ya jua, isiyobadilika.

Makali ya lenzi yaweke ukiwa bado uwanjani: lenga mti au mnara ulio mamia ya mita mbali, uache kamera ipate makali, kisha hamisha swichi kwenda mkono na ubandike tepu juu ya pete. Usiamini alama ya lenzi ya umbali usio na mwisho, nyingi zinapita. Kwa kuwa 24-70 nyingi hupoteza makali kidogo ukibadilisha urefu wake, fanya zoezi hilo ukiwa kwenye milimita 50 au 70, utakapokuwa mara nyingi. Na usilaze kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi usiku ule. Ukitoka nayo kwenye unyevu wa asubuhi lenzi itapata ukungu, nao huchukua hata nusu saa kuisha. Iache ndani ya begi, begi likiwa limefungwa, nje ya kiyoyozi mapema.

Njia ya kuruka ipange kwa jua na dirisha. Asubuhi jua liko upande wa bahari. Ukiwa juu ya maji ukitazama nchi kavu, jua liko nyuma yako, rangi zinajaa na utaji unapungua. Ukiwa juu ya nchi kavu ukitazama baharini, unapata weupe kama wa maziwa na mng'ao. Kwa dirisha la kushoto, basi, ufuate pwani kutoka kusini kwenda kaskazini: kushoto kwako kutakuwa nchi kavu. Kwa hiyo ukiondoka uwanja wa ndege wa Tanga, shuka kwanza kusini kupitia bara, juu ya mkonge, kisha urudi kaskazini juu ya maji ukipita Tongoni, Mwambani, Raskazone hadi kisiwa cha Toten na ghuba. Dirisha likiwa la kulia, geuza yote. Kwenda hadi Pangani na kurudi kunakula kama dakika 40 za saa yako, kwa hiyo kama kisiwa cha Maziwe si lazima, igeuzie ndege Tongoni.

Mkonge usiupige kama unavyopiga msitu. Uzuri wake ni mistari, na mistari inaonekana vivuli vikiwa virefu, kwa hiyo uwe wa kwanza kwenye ratiba, saa mbili kamili hata kabla. Hapo kupiga dhidi ya jua kidogo kunaruhusiwa, kivuli cha kila mmea kinakuja upande wako na safu zinasimama. (Mwalimu wa jiografia atafurahi kukumbusha wanafunzi kwamba mkonge wote huo ulianza na miche 62 iliyonusurika safarini kutoka Florida na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893.) Ngamiani nako, zile barabara za namba zinazokatana kama daftari la hesabu, hupendeza kwa mwanga wa mapema. Miamba na mikoko iwe mwisho, jua likishapanda.

Kwa kitu kimoja kama Toten, omba mzunguko wa kushoto. Kwa noti 75 na ndege ikilala nyuzi 20, duara lina nusu kipenyo cha mita 400 na kitu na linakamilika kwa dakika moja na sekunde chache. Katika dakika hiyo utaona kitu chako kikiwaka kwa mwanga wa mbele, wa ubavuni na wa nyuma. Mzunguko wa kwanza tazama tu, jua upande gani unaufaa. Wa pili piga. Ukitaka upeo wa macho uingie, mwambie rubani anyooshe mabawa. Ndege ikilala kushoto bawa linashuka na kukata sehemu ya juu ya picha. Anaweza pia kupunguza nguvu ya injini kwa sekunde chache ili mtetemo ushuke. Mwachie yeye aamue, maana injini za kabureta hushika barafu kwenye unyevu wa pwani hata siku ya joto, na ana swichi yake ya kuzuia hilo.

Hapa ndipo safari za picha hugeuka ajali, kwa hiyo soma taratibu. Ndege ikilala, mwendo wa chini unaoishikilia hewani unapanda: kwa nyuzi 30 unaongezeka asilimia 7, kwa 45 asilimia 19, kwa 60 asilimia 41. Mpiga picha anasema "lala kidogo tena", rubani anageuza shingo naye aone kisiwa, mwendo unapungua, upepo unaisukuma ndege nje ya duara, anaivuta kwa pedali. Bawa la ndani linapoteza nguvu ya kuinua ndege, na kwa futi 800 hakuna nafasi ya kuirudisha. Kubalianeni chini kabisa: si zaidi ya nyuzi 30, si chini ya mwendo atakaoutaja yeye, na rubani hatafuti picha, anarusha. Akisema basi, ni basi. Wewe ukitaka kuona chini zaidi, lenga wakati ndege inapita pembeni ya kitu.

Kimo cha futi 1,000 hadi 1,500 kinakutosha kwa kila ulichotaja. Sheria za anga za kimataifa zinataka juu ya mji uwe angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600, na kwingine angalau futi 500. Juu ya maji kumbuka kwamba Cessna 172 ikizimika injini kwenye futi 1,000 hairuki zaidi ya kilomita 2.7 hivi kabla ya kugusa, na hapo hakuna upepo wa mbele. Usivuke kilomita 2 kutoka ufukweni kwa kimo hicho. Ukitaka mwamba wa mbali, panda. Vaeni majaketi okozi tangu uwanjani, yakiwa hayajajazwa. Likijazwa ndani ya ndege iliyozama linakubana kwenye paa.

Vibali vianze mapema. Mwenye ndege aulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mweleze wazi kwamba safari ni ya kupiga picha na maeneo gani. Bandari na Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, si mahali pa kuelekeza lenzi bila ruhusa ya maandishi, hata kama mikoko yenu inapakana nako. Chora njia yako kwenye ramani, mpe rubani nakala siku mbili kabla, aweke namba za vituo. Mkiwa juu hakuna muda wa kueleza Mwambani iko wapi.

Kichefuchefu kinawashika hata mabaharia, kwa sababu jicho liko kwenye kamera iliyotulia na sikio la ndani linasema tunazunguka. Kula kitu kikavu saa moja kabla, mkate au muhogo wa kuchemsha, usiende na tumbo tupu wala na chapati za mafuta. Baada ya kila mizunguko miwili weka kamera chini na utazame upeo wa macho nusu dakika. Mfuko wa plastiki uwe mfukoni.

Ukirudi, utaji uliobaki unaweza kuupunguza kwa kuongeza weusi na utofauti wa mwanga na giza, ukivuta buluu chini kidogo kwenye sehemu za mbali tu. Ukizidisha, mikoko inakuwa nyeusi kama mkaa na bahari ya rangi ya sabuni. Picha ya mwaka jana iliyopigwa kutoka mbali, kupitia kioo, hairekebishiki kwa programu yoyote, kwa hiyo usiipotezee usiku.

Na kama kikundi kinataka kuhesabu miche au kupima eneo, picha hizi za mshazari hazitafaa, kwa kuwa miti ya mbele ni mikubwa kuliko ya nyuma. Hapo unahitaji picha za kutazama chini wima, zinazopandana. Kwa futi 1,000 na lenzi ya milimita 35, upande mfupi wa picha ukiwa unafuata njia ya ndege, kila picha inashika mita 209 kwenye njia hiyo. Ukitaka zipandane asilimia 70, unapiga kila baada ya mita 63, yaani kila sekunde moja na nusu kwa noti 75, ndege ikiwa imenyooka. Kupitia dirisha la pembeni hilo haliwezekani, linataka tundu kwenye sakafu au kamera iliyofungwa nje na fundi. Kwa shamba la hekta chache, droni yenye kibali itawafanyia kazi hiyo kwa gharama ndogo, na saa yenu ya ndege ibaki kwa yale ambayo droni haiyafikii: pwani nzima kutoka Tongoni hadi ghubani kwa asubuhi moja, maji yakiwa yamekupwa.